Jibu: pairini kwenye SDS, uwiano haushuki kwa ghafla

Umetumia pairini, molekuli inayong'aa ikimulikwa, kutafuta kizingiti cha miseli cha SDS (aina ya sabuni), yaani kiwango ambacho molekuli za sabuni huanza kujikusanya kuwa vishada, ndizo miseli. Umesema I1/I3, uwiano wa kilele cha kwanza na cha tatu cha mng'ao wa pairini, inateremka polepole badala ya kuporomoka karibu na milimola 8 kwa lita, tena kuna nundu pana kwenye nanomita 470. Nundu hiyo ni ya eksaima: molekuli ya pairini iliyosisimuliwa imeshikana na nyingine, maana umeweka nyingi mno. Maji matupu hayayeyushi hata maikromola 1, basi shuka hadi maikromola 0.2.

Dondosha pairini iliyoyeyushwa kwenye asetoni ndani ya chupa tupu, acha asetoni ikauke kabisa, ndipo umimine SDS na kukoroga usiku kucha gizani. Asetoni ikibaki, kizingiti cha miseli kinasogea.

Sisimua kwa nanomita 335, soma vilele vya 373 (I1) na 384 (I3). Mwanya wa mashine unaopitisha mwanga upande wa kupokea usizidi nanomita 1 hivi. Ukiupanua, vilele vinamezana na uwiano unadanganya. Maji matupu hutoa uwiano wa takriban 1.8, miseli za SDS kama 1.1. Songamanisha vipimo kati ya milimola 5 na 10 za SDS.

Lakini je, una bafa au chumvi nyingine humo? Kwenye NaCl (chumvi ya mezani) ya mola 0.1 kizingiti hushuka hadi karibu milimola 1.5, na hapo mashine haina kosa.