Sindano aendelee nayo, na familia nzima iingie kwenye tiba

Pole sana dada. Umeuliza kama mdogo wako mwenye skizofrenia (ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti au aamini mambo yasiyo kweli) anaweza kuacha sindano ya kila mwezi akabaki na ushauri nasaha tu. Hapana, msiiache. Tiba ya mazungumzo huenda pamoja na dawa, na dozi abadilishe daktari.

Mimi ningeanza na vikao vya familia. Tafiti nyingi zinaonyesha vinapunguza ugonjwa kurudi. Mwongozo wa 2014 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unataka visipungue 10. Kufokeana na kulaumiana nyumbani humrudisha mtu wodini, jamani. Akisema jirani katia sumu kwenye mtori, usimbishie wala usimkubalie. Mwambie, "Naona umeogopa, nipo hapa," halafu muulize angependa kula nini.

Ipo pia tiba ya fikra na tabia, inayomfundisha kuzipima sauti anazosikia kichwani badala ya kuzitii. Faida yake ni ya kiasi, sauti zinaweza zisiishe.

Hapo Moshi ulizieni kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya Mawenzi. Mama naye aende, maana ndiye anayeshinda naye. Na akianza kukesha bila usingizi, msisubiri tarehe ya kliniki.