Fort Portal hadi Nkuruba kwa miguu

Kaka, umeuliza kama unaweza kukimbia kutoka mjini Fort Portal, magharibi mwa Uganda, hadi hifadhi ya ziwa Nkuruba na kurudi siku hiyo hiyo. Kwenda, ndiyo. Kurudi, panda boda.

Ni kilomita 25 hivi kuelekea kusini, na karibu hakuna tambarare: unapanda, unashuka, unapanda tena, maana eneo lote la Kasenda ni mashimo ya volkano ya zamani yaliyojaa maji. Mji wenyewe uko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ndiyo maana asubuhi kuna baridi tamu inayodanganya. Mimi nilidanganyika, nikabeba chupa moja ya nusu lita. Kufika katikati ilikuwa tupu, ikabidi nimwombe maji mama mmoja aliyekuwa akimenya matoke mlangoni. Kabla ya kunipa aliniuliza empaako yangu, lile jina la heshima na upendo ambalo Watooro wa huku huitana. Sina! Akanipa moja papo hapo, Araali, ndipo akanipa na kikombe.

Ondoka saa kumi na mbili, kabla jua halijachoma, na usiende Aprili wala Oktoba. Udongo mwekundu ukilowa, kiatu kinakuwa na uzito wa tofali. Mawingu yakikubali, utaiona milima ya Rwenzori upande wa kulia.

Nkuruba ni kaziwa kadogo ndani ya msitu, kanatunzwa na wanakijiji wenyewe. Ukikaa kimya ukingoni utasikia matawi yakivunjika juu yako: ni mbega wekundu. Chakula usikiache wazi.