Toyota Aqua yenye rimu ya 15: baki na tairi za 175/65

Mkuu, umeuliza kama uivalishe Aqua yako tairi za 195 (upana wa milimita 195) kama fundi alivyokushauri. Usivae. Saizi ya kiwandani ya Aqua nyingi za rimu ya 15 ni 175/65 R15. Tairi pana zaidi ni zito zaidi, linakamata upepo zaidi na mara nyingi huwa gumu kubingirika, kwa hiyo mafuta ambayo haibridi (mfumo wa petroli na umeme) inakuokolea yanaishia hapo. Gari "litakaa vizuri" kama fundi alivyokuambia, ila utalipa kila ukifika kituo cha mafuta.

Kinachoumiza wengi zaidi ni tairi la mtumba la Japani. Soma ubavuni kabla hujatoa hela: ukiona STUDLESS, achana nalo hata kama kashata (meno ya tairi) bado ni ndefu. Hilo ni tairi la theluji, mpira wake ni laini, kwenye joto la Dar linalika upesi, na mvua ikinyesha halishiki lami vizuri. Gari langu lilishuka bandarini na manne ya hivyo. Mwaka haukuisha yakawa vipara.

Ukinunua mapya ya Japani, tafuta kibandiko chenye herufi: AAA ndiyo inayobingirika kwa wepesi zaidi, na herufi ndogo a ndiyo inayoshika vizuri zaidi kwenye maji. Mimi sikubali kushuka chini ya b kwa ajili ya mafuta; breki kwanza. Halafu soma zile tarakimu 4 za mwisho za DOT, namba iliyo ubavuni mwa tairi, ujue lilitengenezwa lini: 2319 ni wiki ya 23, mwaka 2019.

Upepo jaza kwa kipimo kilichoandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, asubuhi tairi likiwa baridi.