Kabla hujabuki meli ya watu elfu sita, soma haya

Wiki jana msomaji mmoja wa Ruaka aliniandikia: "Habari dada. Nimeweka akiba miaka mitatu. Nataka kumpeleka mama yangu na watoto wangu wawili kwenye meli ya kitalii mwezi wa nane. Mume wangu anasema tuchukue ile kubwa kabisa, mimi naogopa tutapoteana humo ndani. Wewe ulishaenda. Kubwa ndiyo nzuri?"

Nilianza kumjibu kwa mistari mitatu, nikafuta. Swali lake lilinigusa mahali ambapo bado panauma, nikaona heri nimwage yote hapa, maana najua nyinyi mnaonisoma mna ndoto hiyo hiyo. Kila mmoja wetu ana ile video kwenye simu, ya mtoto anateleza kwenye bomba la maji huku bahari iko chini. Usinidanganye kwamba huna.

Kwanza tuelewane kubwa ni kubwa kiasi gani. Icon of the Seas, iliyoanza kubeba abiria kutoka Miami Januari 2024, ina urefu wa mita 365. Lilaze jengo la KICC la Nairobi chini mara tatu na bado utabaki na nafasi ya kuegesha matatu kadhaa. Ina sitaha 20, yaani ghorofa za meli. Ikijaa hubeba abiria 7,600, ukiacha wafanyakazi 2,350. Titanic, ambayo shuleni tuliambiwa ilikuwa jitu la bahari, ilikuwa na mita 269 tu, na hii ya leo inaishinda kwa ujazo zaidi ya mara tano. (Nasema ujazo kwa sababu tani zinazotajwa za meli za abiria hazipimi uzito, zinapima nafasi iliyo ndani. Nilibishana na shemeji yangu jambo hilo jioni nzima, na nilishinda.)

Yetu haikuwa hiyo, na jina lake nitalimeza. Ilikuwa dada yake mdogo kidogo, abiria kama elfu sita, sitaha kumi na nane, ikizunguka Mediterania kwa siku saba. Tulikwenda familia nne za chama chetu, watu kumi na wanne pamoja na mama mkwe wangu. Tulichanga kwa M-Pesa kila tarehe tano kwa miezi ishirini na sita. Wazo lilikuwa langu. Kutafuta wakala ilikuwa kazi yangu. Kuwabembeleza waliochelewesha mchango ilikuwa kazi yangu pia, ingawa tulikuwa na mweka hazina. Nitamrudia huyo.

Habari za viza sitaki hata kuzikumbuka. Shika hili moja: kama meli itatoka nje ya nchi za Schengen, zile za Ulaya zinazotumia viza moja, tuseme itie nanga Tunisia siku moja kisha irudi Italia, viza ya kuingia mara moja haitakurudisha. Omba ya kuingia mara nyingi. Na Karibiani ya kuanzia Miami inadai viza ya Marekani, hata kama nia yako ni kulala melini tu.

Tulipandia Barcelona. Jambo la kwanza melini si kinywaji, ni zoezi la dharura. Tangu Costa Concordia ilipogonga mwamba na kulala ubavu pale kisiwa cha Giglio mwaka 2012, watu 32 wakafa, meli haing'oi nanga kabla abiria hawajafanya zoezi hilo. Tukapelekwa sote kwenye kituo chetu cha kukusanyikia, chini ya mashua za uokoaji. Mume wangu akamwomba kijana mmoja atupige picha. Watu kumi na wanne, tunacheka, begi la mama mkwe bado liko begani.

Ndiyo picha pekee tuliyo nayo ya watu wote pamoja. Siku saba, picha moja.

Baada ya hapo meli ilitumeza. Watoto walipotelea kwenye mitelezo. Wanaume walipata sitaha yenye mpira. Mimi na mume wangu tulikuwa kwenye kebini ya ndani, isiyo na dirisha, kwa sababu nilitaka kupunguzia chama gharama. Ukizima taa humo hujui kama ni alfajiri au saa tisa mchana. Mweka hazina alikuwa na roshani inayotazama bahari. Sikusema kitu. Nilimwona mara nne kwa wiki nzima, mara mbili kati ya hizo milango ya lifti ikiwa inafungwa.

Lakini nitasema kweli, maana sikuja hapa kuitukana meli. Mama mkwe wangu, miaka sabini na mmoja, magoti yote mawili mabovu, ndiye aliyefurahi kuliko sisi sote. Hakupanda ngazi hata moja. Meli kubwa haichezi ovyo. Ukubwa wenyewe unaisaidia, halafu ina mapezi ya chuma yanayotoka ubavuni chini ya maji kuizuia isiyumbe. Alikaa kwenye kiti kilekile karibu na dirisha akisuka kiondo, na kufikia siku ya tatu alikuwa na wanafunzi wawili, akina mama kutoka Brazili. Hawakuwa na lugha hata moja ya pamoja. Kiondo kilikamilika.

Na kulikuwa na kijana wa Likoni. Alikuwa mhudumu kwenye mkahawa mkuu, akatusikia tunazozana kwa Kiswahili, akaja na jagi la maji. "Shikamoo mama," akaniambia. Nikaitikia marahaba huku nikijihisi mzee ghafla. Tulimwuliza kama anaikumbuka feri ya kwao Mombasa. Akacheka, akasema, "Mama, hii ndiyo feri yenyewe, tofauti hapa foleni ina zulia." Kesho yake alituletea chupa ya pilipili kutoka jikoni. Ushauri bora niliopata kuhusu meli hizi ulitoka kwake, si kwa wakala: asubuhi usiende kwenye bufee ambako watu wote wanakimbilia, nenda mkahawa mkuu ukahudumiwe mezani kwa bei ileile, yaani bure. Na siku ambayo watu wote wanashuka mjini, wewe baki. Bwawa litakuwa lako.

Hapo ndipo nilipoanza kuielewa biashara yenyewe. Meli inavyozidi ukubwa, gharama ya kumbeba mtu mmoja inapungua, kwa hiyo tiketi inaweza kuwa rahisi kuliko ulivyodhani. Faida inatafutwa baadaye: vinywaji, intaneti, kasino, picha, ziara za mjini. Kila kitu unalipa kwa kadi ya chumba, na kadi haiumi kama noti. Bakshishi nayo huwekwa kwenye bili kila siku hata ukiwa umelala. Kampuni nyingi za Marekani hutoza kati ya dola 15 na 20 kwa kichwa kwa siku; chukua 16, zidisha kwa watu wanne na siku saba, ni dola 448, karibu shilingi 58,000. Sasa mtu aliyejenga mji mzima juu ya maji atataka ushuke ukanunue kahawa ya Mwitaliano kwa nini? Wengine wamekwenda mbali zaidi, wana visiwa vyao. Royal Caribbean wana CocoCay kule Bahama, ili hata ukishuka bado uko dukani kwao.

Na bandari zenyewe. Ratiba yetu iliandikwa "Roma". Meli haifiki Roma, jamani. Inafika Civitavecchia, kilomita kama sabini hivi kutoka Roma. Ni kama mtu aambiwe karibu Nairobi halafu ashushwe Kajiado. Ukitoa muda wa foleni ya kushuka, treni ya kwenda, treni ya kurudi, na ile hofu ya kuachwa, maana meli haisubiri mtu, tulibaki na saa tatu. Koloseo tuliliona kama unavyouona Mlima Kenya ukiwa Thika Road: upo, halafu haupo. Kitinda mimba wangu, nikimuuliza leo Italia kulikuwa na nini, anasema kulikuwa na mtelezo.

Miji mingine imeshachoka na majitu haya. Venisi ilizifungia meli za zaidi ya tani 25,000 kupita mbele ya uwanja wa Mtakatifu Marko tangu Agosti 2021. Antaktika nako, meli yenye abiria zaidi ya 500 haishushi mtu, na hata zile ndogo haziruhusiwi kuwa na watu zaidi ya mia nchi kavu kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kama unataka kuona dunia, ujue kuna milango ambayo kubwa haipiti.

Sasa mweka hazina.

Tuliporudi, wiki mbili hazijaisha, nikasikia kwamba anawaambia watu nilisafiri bure kwa mgongo wa chama. Kwamba anayepanga safari ya kundi hupewa nafasi ya bure na kampuni, na mimi niliificha. Ni kweli kampuni nyingi zina mpango kama huo, lakini kundi letu halikufikia idadi. Tiketi yangu nililipa kama kila mtu, tarehe tano, miezi ishirini na sita, stakabadhi ninazo.

Ila kuna kitu sikusema. Kwa sababu niliweka oda ya vyumba sita pamoja, nilipewa dola mia za kutumia melini. Sikuzitaja kwenye kikao. Niliona ni kidogo, na niliona nimezifanyia kazi. Niliwanunulia watoto aiskrimu siku sita mfululizo. Watoto wote, wa kwake wakiwemo. Kama unasoma, mama, ujue hiyo sitroberi mwanao aliyoimwaga kwenye zulia ndiyo pesa iliyoliwa.

Ninachojilaumu ni kwamba dalili nilizijua tangu siku ya pili. Alinisalimu kwa kidevu. Tungekuwa mahali padogo ningemuuliza, "Dada, kuna nini?" Lakini kulikuwa na sitaha kumi na nane, mikahawa kumi na kitu, na maonyesho mawili kila usiku. Nilimkwepa kwa raha zangu, naye akanikwepa kwa raha zake, na tukarudi JKIA na kinyongo kilichofungwa vizuri kama mizigo.

Desemba iliyopita tulikwenda Lamu, sisi wanne tu, tukakodi mashua yenye nahodha na vijana wawili, tukalala humo usiku mbili. Sitawapamba. Choo kilikuwa mateso. Kifungua mimba alitapika mpaka nikaapa. Siku ya pili watoto waliuliza intaneti itarudi saa ngapi. Tulitaka kuona magofu ya Takwa kule Manda, lakini mkondo wa mikoko unapitika maji yakijaa tu, tukakaa zaidi ya saa tatu chini ya turubai bila kwenda popote. Kila nikiuliza, nahodha anajibu, "Twangoja maji, mama."

Katika kungoja huko mume wangu akaniuliza, polepole, "Kwa nini hukumwambia tu kuhusu zile dola mia?"

Kwenye ile meli ningesema naenda kuchukua kahawa. Kwenye mashua ya mita kumi na mbili kahawa ilikuwa kwenye birika, na birika lilikuwa miguuni pake. Nikakaa, nikajibu, tukaongea mpaka maji yakajaa. Takwa tuliingia jua likiwa limeshapungua makali, na nakumbuka kila jiwe.

Kwa hiyo dada wa Ruaka, sikiliza. Nawahubiria wote lakini nakuangalia wewe. Mama mwenye magoti, watoto wawili, mume anayependa makubwa: chukua kubwa. Nasema hivyo pamoja na yote. Kila mtu atapata lake, hakuna atakayenung'unika kuhusu chakula, na mama yako atakula mezani kama malkia. Usichukue kebini ya ndani, nakusihi. Lipa ziada upate dirisha, au upunguze siku. Usinunue kifurushi cha vinywaji kama hunywi. Usiwaahidi watu Roma. Na acheni, jamani, acheni kufikiri kwamba mkitumia pesa nyingi pamoja mtapendana zaidi. Panga mlo mmoja kila siku, saa ileile, meza ileile, hata kama ni uji wa asubuhi, na asiyekuja aeleze. Sisi hatukupanga. Nilidhani kuwa kwenye meli moja ni kuwa pamoja.

Kuhusu pesa za wengine: kila senti, hata ya aiskrimu, iseme kwenye kikao. Iandikwe.

Nimemtumia mweka hazina ujumbe mwezi uliopita, mrefu, wenye zile dola mia ndani yake. Alama zimegeuka buluu. Ile picha ya chini ya mashua za uokoaji bado ndiyo picha ya kundi letu la WhatsApp. Yeye alijitoa kwenye kundi mwezi wa tatu, lakini yumo pale katikati, mkono mmoja begani mwangu.