Intavyuu ya viza ya Marekani: maswali yenu ya wiki hii

Jamani tangu barua za vyuo zianze kuingia maswali ya viza yamekuwa mengi, nimechukua matano maana mengine yanafanana.

Nimepata chuo Ohio, intavyuu ubalozini Gigiri, Nairobi, ni wiki ijayo. Nibebe nini? (Kilifi)

Paspoti, ile karatasi ya DS-160 (fomu ya kuomba viza inayojazwa mtandaoni) yenye barkodi, karatasi ya apointimenti, I-20 (fomu ya chuo ya kuonyesha umekubaliwa) ukiwa ushaisaini wewe mwenyewe (wengi husahau hapa), risiti ya SEVIS (mfumo wa Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni) ya dola 350 na picha ya sentimita 5 kwa 5 bila miwani. Ada ya viza, dola 185, hio ushalipa. Vyeti na karatasi za benki zipange vizuri lakini usishtuke zisipoulizwa. Simu mwachie mtu, haingii. Na kwa vile watoka Pwani nakuomba usipande basi la usiku ukashukia ubalozini moja kwa moja, nenda siku moja kabla, lala kwa jamaa, uoge, uamke na akili zako.

Nimekariri majibu kama 30 kutoka kwa video, yatosha? (Nakuru)

Mdogo wangu, hapa ndipo mnaponitia uchungu. Pale unasimama, mbele yako kuna kioo, ofisa yuko upande wa pili na kwenye skrini yake ni ile DS-160 yako. Dakika chache imeisha. Kwa nini chuo hiki, wasomea nini, nani analipa, ukimaliza je. Sasa aliyekariri anajibu hata swali halijaisha, halafu akirushiwa kitu cha pembeni kama "babako analima nini" anakwama, na jibu analo tangu azaliwe!

Kifungu cha 214(b) cha sheria yao ya uhamiaji kinamtaka ofisa akuhesabu kuwa mtu anayetaka kuhamia mpaka wewe umwonyeshe sivyo, kwa hivyo anasikiliza kama maneno yako yanashikana na kama kuna kitu cha kukurudisha nyumbani. Ukisema "Marekani ina elimu bora" hujasema kitu, kila mtu kwenye foleni amelisema. Lakini ukimwambia viazi vya babako kule Molo hunyauka kila msimu na wewe wataka kusomea magonjwa ya mimea, na chuo hiki kina kozi hiyo, hapo amekuona wewe. Leo usiku kaa na mtu akuulize ovyo ovyo, ujibu kwa maneno yako, sentensi mbili tatu, kisha nyamaza.

DS-160 nilijaziwa na ajenti, hata sijaisoma. Kuna shida? (Eldoret)

Iko, tena kubwa. Mimi mara ya kwanza nilijaziwa na kijana wa saiba akaandika sina ndugu Marekani, na dadangu yuko kule miaka, eti ndio inasaidia. Dirishani nikaulizwa nikasema ninaye, ofisa akaangalia skrini, akaniangalia mimi, paspoti ikarudi chini ya kioo na karatasi moja ya kuninyima viza. Rufaa hakuna, ada hairudi, nikalipa upya nikaanza upya. Na nilikuwa na bahati, maana uongo ukionekana ni wa makusudi unaweza kufungiwa Marekani maisha, na ajenti hayupo pale kukutetea, jina ni lako. Isome yote leo. Ukikuta kosa jaza nyingine na uhakikishe namba yake mpya ndiyo iliyo kwenye apointimenti. Angalia pia akaunti zako za mitandao za miaka 5 zimeandikwa zote, na tangu Juni 2025 wanafunzi wanatakiwa waziache wazi kila mtu aone.

Tulifanya harambee, milioni na nusu ikaingia benki wiki iliyopita. Watashuku? (Machakos)

Watauliza, na wewe sema ni harambee. Beba kadi ya mwaliko na orodha ya michango kama ipo. Kinachoangusha watu ni kuficha, ama kukopa pesa ikae kwa akaunti wiki moja ili stetimenti ipendeze. Ila jiandae kwa swali la pili: hio ni ya mwaka wa kwanza, ya mwaka wa pili itatoka wapi? Mshahara wa mzazi, sacco, majani chai, chochote kilicho cha kweli, uwe na karatasi yake.

Mamangu anaenda kwa dadangu anayejifungua, Kiingereza hajui. (Likoni)

Aseme mapema anataka Kiswahili, asijilazimishe. Na wewe usimfundishe hotuba. Anaenda kumuona mjukuu na kukaa na bintiye arobaini iishe, aseme hivyo hivyo, aseme nani anamlipia, tarehe gani anarudi, na ni nani amemwachia kile kibanda chake cha mahamri.