Mtoto hataki kula na joto hili? Badilisha saa za chakula kwanza

Jamani kuanzia Desemba mpaka Machi hivi hapa Dar malalamiko ya wazazi ni yale yale, mtoto hali, umemwekea ugali saa saba mchana anauangalia tu, afu anaenda kujilaza sakafuni penye ubaridi. Mimi ninao wawili, mkubwa yuko shule ya msingi na mdogo bado ananyonya ila ameshaanza kula, na siku hizi sigombani na mtu juu ya sahani mchana wa jua kali. Joto linakata hamu ya kula, hata sisi wakubwa si tunajijua.

Chakula cha maana nakipeleka asubuhi na usiku. Mkubwa kabla ya shule anakula kweli kweli, viazi vitamu au mihogo ya kuchemsha, yai, na uji wa lishe, manake kale ka-ubaridi ka alfajiri ndio tumbo linapokubali. Mchana ni vitu vyepesi tu, embe (Desemba zipo kibao), ndizi, tikiti, parachichi, mtindi. Jua likizama ndio unakuja wali maharage, au ugali na dagaa na mchicha, na hapo utashangaa anaomba kuongezewa.

Maji sasa. Usisubiri mtoto aseme ana kiu, akinogewa na mchezo hakumbuki kabisa, we mwite umpe kikombe, arudi kucheza. Mtoto wa miaka 1 hadi 3 anahitaji kama lita 1.3 kwa siku, wa miaka 4 hadi 8 kama lita 1.7, ila humo kuna maziwa, supu, uji na matunda, sio maji matupu, na siku za joto inapanda. Mimi wala sipimi, naangalia mkojo, ukiwa umekolea kama chai ya rangi najua leo hajanywa vya kutosha.

Mwenye kichanga chini ya miezi 6 asikie hili, maji hapewi, hata bibi yake aseme midomo imekauka. Zaidi ya asilimia 80 ya maziwa ya mama ni maji, mnyonyeshe mara nyingi zaidi na wewe mwenyewe kunywa. Na kama anatumia ya kopo usiongeze maji kupita kipimo eti kuna joto.

Soda na juisi za pakiti kwangu hapana. Sukari inamjaza tumbo afu unakuja kulalamika hali! Barafu za mtaani nazo siziamini, maji yametoka wapi hujui. Natengeneza mwenyewe, usiku naloweka ukwaju kwenye maji yaliyochemshwa, asubuhi naufikicha, nachuja, sukari kidogo sana, namimina kwenye vikombe vidogo vya plastiki, nachomeka kijiti, friza. Watoto wa jirani wote wanahamia kwangu ila ndio hivyo.

Kingine ni viporo. Uji wa asubuhi ukikaa mezani mpaka saa nane na joto hili huo sio wa kumpa mtoto tena, hata kama haujaanza kunuka. Pika kidogo kidogo, mkaa utaisha sawa, lakini kuharisha ndio kunakomaliza maji ya mtoto haraka kuliko jua lenyewe.

Na akiharisha mpe ORS (ule unga wa chumvi na sukari wa pakiti unaochanganywa na maji), kijiko kijiko au kwa kikombe, hata akitapika subiri kama dakika 10 uanze tena taratibu, uendelee kumnyonyesha na kumlisha, na uulize zahanati wakupe na vidonge vya zinki. Dafu ni zuri tu kama kinywaji ila chumvi yake ni ndogo, halishiki nafasi ya ORS. Ukiona macho yameingia ndani, analia bila machozi, amelegea, hataki kunywa au utosi wa kichanga umebonyea, hapo usikae kuuliza watu kwenye grupu la WhatsApp, mbebe uende hospitali, njiani unaendelea kumpa kama anameza. ORS changanya na maji safi kwa kipimo cha kwenye pakiti, nyingi ni lita moja, usiigawe nusu nusu kwa kukisia, na iliyobaki ikipita saa 24 mwaga.