Meza yangu ya cherehani naiacha hivyo hivyo

Nashona nguo ukumbini kwangu, Kikwajuni, mjini Unguja, na ikifika saa nne asubuhi meza yangu haionekani mbao. Futi, chaki, vipande vya bitana, mkebe wa vifungo, dera la mtu lililobaki pindo tu. Miaka mingi nilikuwa naona haya. Mtu akipiga hodi, kabla sijamwitikia nishalifunika fujo lote kwa kanga.

Kilichonifumbua macho ni kiza. Disemba 2009 waya wa chini ya bahari unaotuletea umeme kutoka Bara uliharibika, Unguja tukakaa karibu miezi mitatu bila umeme. Wenye cherehani za mota walisimama. Mie nina ya kukanyaga, basi kazi zikanimiminikia, nikawa nashona usiku kwa taa ya chemni. Taa ile haimuliki mbali, nusu ya meza nilikuwa siioni. Lakini mkono ulikuwa unajua: mkasi kulia, bobini ndani ya kopo la maziwa, pini kwenye kitambaa kilichofungwa shingoni mwa cherehani. Nanyoosha mkono, nakuta.

Jioni moja haya zikanishika nikaipanga. Kila kitu kabatini, meza nyeupe. Usiku ule kila baada ya mshono mmoja nilinyanyuka na taa mkononi kutafuta. Kubwa zaidi, kikaratasi cha vipimo vya kanzu ya bwana harusi, nilichokuwa nimekikandamiza na chaki, kilikwenda na taka. Ikabidi kijana wa watu aje kupimwa tena siku mbili kabla ya nikaha. Nililia.

Tangu hapo natazama swali moja tu: kitu hiki ni cha kazi inayoendelea, au kazi yake imekwisha? Cha kazi inayoendelea hakiguswi, hata kilale mezani siku tano. Nguo ikishatoka mikononi mwangu, hapo ndipo nasafisha: vibaki vinaingia kwenye polo, pini zinaokotwa moja moja (kuna watoto wanatambaa), nyuzi zinafagiliwa. Nasafisha kwa nguo, sisafishi kwa siku.

Mali ya mteja ni jambo jengine, na hapo sina huruma na mtu. Kitambaa cha mtu ambacho sijaanza kukishona hakilali mezani kwangu. Kinakaa kwenye mfuko wake, vipimo vimebanwa kwa pini kwenye kitambaa chenyewe, na vimeandikwa tena daftarini. Ramadhani, watu wanapoleta nguo za Idi kwa mafungu, bila ya hivyo utamvisha mtu nguo ya jirani yake.

Na masika usiache kitu sakafuni. Unyevu wetu huu, kitambaa kilichorundikwa chini hukikunjui ila kishaota koga, na mkasi ulioachwa wazi unashika kutu. Mimi naufuta kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani kila usiku, hata nikiwa nimechoka vipi. Meza ijae, lakini mkasi uwe mkavu.

Shoga yangu unayeshona, au unayetia viua vya kofia barazani na nyuzi zimekuzunguka, usijione mchafu. Mgeni akija siku hizi namtandikia mkeka upande wa pili wa ukumbi, namtilia chai. Dera liko pale pale, na sindano imo kwenye pindo.